Matofali Yaliyoota Maharage

Ukuta wa chumba cha mama ulianguka mchana, yeye akiwa shambani anakata majani makavu ya migomba, na hilo ndilo jambo pekee la kushukuru katika habari hii yote. Ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imenyesha karibu juma zima bila kupumzika, na nyumba ile ya miti na udongo aliyoijenga baba kabla sijazaliwa ilikuwa imechoka. Nilipofika Nshamba kutoka Bukoba nilimkuta mama amehamia jikoni, kibanda cha nyuma kisicho na dirisha, ameketi kati ya mafiga na gunia la maharage. Nikalia pale pale mlangoni. Akaniambia niache kelele, ukuta ulimheshimu, ulimsubiri atoke.

Kaka yangu alikuja mwezi uliofuata. Yeye ndiye mrithi. Kwetu Wahaya kibanja cha ukoo, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba na makaburi ya wazee humo humo ndani, huenda kwa mtoto wa kiume. Mtoto wa kike hupewa baraka na kikapu. Kaka anaishi Dar es Salaam, ni mtu mzuri, anavaa shati safi, na tangu utotoni ana tabia ya kuamua jambo kwanza kisha ndipo aite kikao cha kulijadili.

"Siwezi kumwacha mama alale jikoni na kuku," alisema. "Kujenga mwaka huu siwezi. Krismasi nikija na gari, kama hakuna nyumba hapa, naondoka naye."

"Na kibanja?" nikamuuliza.

"Nitaweka mtu."

Kibanja kilichowekewa mtu tunakijua. Mwaka wa kwanza nyasi, wa pili mikahawa inageuka kuni, wa tatu mpaka umesogezwa hadi kwenye makaburi. Mama hakubishana. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Nitakwenda, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima analomwambia hata mwanawe. "Lakini huko sitamaliza mwaka. Mtanirudisha na gari jingine."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Kaka akacheka, akadhani ni maneno ya wazee. Mimi sikucheka. Namjua mama. Alipomzika baba alisema hatakanyaga tena njia ya mtoni, na hadi leo hajaikanyaga.

Basi nikasema nyumba nitaijenga mimi. Kaka akanitazama kama mtu aliyesikia kuku akitangaza kwamba atalima. Mimi nauza vipuri vya pikipiki Miembeni, pale Bukoba mjini, na nalala Rwamishenye, sina mume wa kunikataza wala wa kunisaidia, na sijawahi kujenga hata banda la bata. Lakini nilikuwa nimeshaiona mashine.

Mashine ilikuwa ya baba. Alikuwa fundi mwashi wa parokia, na mapadre walipomaliza majengo yao walimwachia ile mashine ya mkono ya kufyatulia matofali ya udongo na saruji. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko juu na mkono mrefu pembeni. Unajaza udongo, unafunga kifuniko, unavuta mkono, bamba la chini linapanda na kuugandamiza udongo. Ukifungua na kuvuta tena, tofali linachomoza juu. Haitaki kuni wala tanuri. Tangu baba afariki ilikuwa imelala kwenye banda la kahawa na kuku walikuwa wanatagia ndani yake.

Niliwafukuza kuku, nikaisugua, nikaijaza udongo, nikavuta. Tofali la kwanza lilitoka laini kama ugali wa mgonjwa. La pili nikalishika likabaki nusu mkononi. Pini zilikuwa zimelika, bamba la chini limekuwa jembamba, na mkono wenyewe ulikuwa mzito kiasi kwamba baba alikuwa akiuvuta na mtu wa pili. Mimi nilikuwa peke yangu, na Krismasi ilikuwa inakuja.

Nikaipandisha kwenye gari la ndizi linalokwenda Bukoba, nikaishusha Rwamishenye kwa mchomeleaji ninayemfahamu, mzee wa Kilutheri mwenye maneno machache na miwani iliyofungwa kwa waya. Akaizunguka mara mbili.

"Hii inataka kuzikwa," akasema.

"Inataka kufufuliwa. Nyinyi Walutheri hamwamini ufufuko?"

Akacheka, na hapo nikajua nimempata. Tuliifanyia kazi majuma matatu, mimi nikileta vitu kutoka dukani kwangu na yeye akichomelea. Chini ya lile bamba tukaongeza kipande cha springi bapa ya lori, ili udongo ubanwe zaidi. Kwenye viungo vilivyolika tukaweka beringi za gurudumu la pikipiki. Mkono tukaurefusha kwa bomba. Hapo likazuka tatizo jipya: mkono ule mrefu, ukiuachia, ulirudi kwa nguvu za punda. Ulinipiga begani siku ya kwanza nikakaa chini, nikaona wazi jinsi watu wanavyokufa kwa ujinga. Ndipo nikafikiria springi ya shokapu ya pikipiki. Tukaifunga pembeni kwa bolti mbili, ikawa inaupokea mkono unaporudi na kuusaidia unaposhuka. Sasa hata mimi niliweza kuuvuta peke yangu. Mchomeleaji akauvuta kwa mkono mmoja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hiyo kwake ni hotuba.

Sisi Wahaya tunasemwa kwa kujisifu, na siku hiyo sikuwaangusha wenzangu. Nilirudi Nshamba nimekaa juu ya mashine yangu, nikasimulia barabara nzima. Duka nikamwachia jirani yangu aliangalie, mimi nikawa nalifungua siku mbili tu kwa juma.

Udongo niliuchimba nyuma ya nyumba, palipokuwa na zizi la ng'ombe zamani. Hapa nataka nieleweke. Kwetu udongo wa kibanja ni fahari. Ni mweusi, umelishwa nyasi na samadi tangu enzi za babu wa babu. Mgeni akija tunamwonyesha migomba, lakini macho yetu yako chini. Ule mwekundu wa rweya, yaani mbuga ile ya wazi isiyopandwa kitu, hatuuheshimu. Ni udongo wa kuchungia. Sasa nyumba ya mama ningeijenga kwa udongo usio na heshima, wakati mwema uko mlangoni? Wazo hilo halikunijia kabisa. Nikachimba pale pale, nikachanganya saruji kidogo, nikavuta.

Yalitoka matofali mazuri! Meusi, yana kona kali, yanang'aa. Mama alitoka jikoni akaja kuyatazama, akayagusa kwa kidole, akasema, "Ni mazuri." Akarudi jikoni. Nikayapanga kivulini, nikayafunika majani ya migomba, nikayamwagilia kila siku kama nilivyomwona baba akifanya.

Baada ya siku kumi nikainua la kwanza likamomonyoka kona. Nikasema ni la kwanza. Nikainua la pili, la tatu, la nane. Yote yalikuwa yanaacha unga mweusi mkononi. Nikajua kosa ni la mashine. Nikapanda gari hadi Bukoba, nikarudi na kipande kingine cha springi bapa, nikaongeza chini ya bamba. Nikafyatua upya, nikasubiri siku kumi. Unga ule ule. Nikarefusha bomba. Nikabadilisha springi, nikaweka ya pikipiki kubwa. Nikafyatua tena, nikifunga kifuniko kwa kukikalia, nikivuta hadi nikasikia kitu kinalia mgongoni. Mvua za vuli zikaanza. Mikono ilikuwa imepasuka, nikila naona damu kwenye ndizi. Wapita njia walikuwa wanasimama kwenye mikahawa kutazama mwanamke anayepigana na chuma. Mmoja, mwanamume wa ukoo wetu, akaniuliza kama mume wangu anajua niliko. Nikamwambia anajua, ndiye aliyeko ndani ya sanduku. Akaenda zake.

Usidhani nilikuwa jasiri. Nililia kila siku. Nililia shambani, nililia ndani ya gari nikijifanya nina mafua, nililia nikimhudumia mteja anayetaka plagi. Nilikuwa namwona mama katika chumba cha ghorofa, amekaa ukingoni mwa kitanda, anatazama ukuta wenye rangi, hana jani la kukata. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na miezi ilikuwa inakimbia.

Asubuhi moja ya Oktoba nikafunua majani niangalie safu ya tatu. Matofali yalikuwa yameota. Maharage. Miche ya kijani, imepasua matofali katikati, imeinua vichwa. Tofali moja lilikuwa na mche wa boga. Nikakaa kwenye matope nikacheka kama mwendawazimu, kisha kicheko kikageuka, nikapiga mayowe hadi mama akaja anakimbia, yeye ambaye magoti yake yalikuwa yamekataa kukimbia tangu zamani.

Akayatazama matofali. Akatikisa kichwa.

"Udongo wa zizi," akasema. "Baba yako alikuwa anachukua wa rweya. Wa rweya na wa kichuguu, akiuchekecha. Huu ni wa kulisha, si wa kujenga. Huu ukitiwa maji unataka kuzaa."

Nikamtazama. "Mae, ulikuwa unajua?"

"Nimeishi na mwashi maisha yangu yote. Nani alikuwa anaubeba huo udongo kichwani kama si mimi?"

"Tangu Agosti unajua? Umeniona ninavuta, umeniona ninakwenda Bukoba na kurudi, umeziona hizi!" Nikamwonyesha viganja. Sikuwa nimewahi kumpazia mama sauti kabla ya siku hiyo, na namwomba Mungu nisirudie. "Hutaki nyumba? Unataka kwenda kufa huko? Sema basi nikapumzike!"

Mama akaketi kwenye tofali, nalo likabonyea chini yake. Akachuma ule mche wa boga, akauzungusha vidoleni.

"Tangu uolewe," akasema, "na tangu uachike, na tangu ufungue duka, ulikuwa unakuja Krismasi na Pasaka. Unakuja na sukari, unakaa, unatazama saa. Mwaka huu ukuta ukaanguka. Nikakuona kila juma. Ulikuwa unakula kwangu. Ulikuwa unanikasirikia kama ulivyokuwa mtoto. Nikasema, nikimwambia habari ya udongo atamaliza. Akimaliza ataondoka."

Hasira ilikuwa bado ipo, nzima, lakini ilikuwa haina pa kukaa. Nikamshika mkono, nikamwinua. Tukaenda jikoni tukala ndizi na maharage.

Siku iliyofuata akanipeleka mwenyewe rweya, anatembea mbele na fimbo, akanionyesha mahali baba alipokuwa akichimba. Shimo lilikuwa bado lipo, limeota nyasi. Nikalipa wabebaji, nikachekecha, nikachanganya na udongo wa kichuguu na saruji, mama akifinya donge kiganjani na kuniambia ongeza maji, acha, ongeza. Nikavuta. Tofali lilitoka jekundu. Baada ya siku kumi nikaliinua hadi kiunoni nikaliachia. Likaanguka kwenye jiwe, likatoa mlio wa chungu kizima, likatulia. Ile mashine haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeifanyia matengenezo mara tatu kwa kosa langu mimi.

Lakini muda ulikuwa umekwisha. Vyumba vitatu nilivyochora nikavifuta, nikabaki na kimoja. Mwashi niliyempata alikuwa anakuja mvua ikimruhusu, na mvua haikuwa na huruma. Msimu wa senene ulifika, watu wote wakawa wanakimbizana na wale panzi wetu watamu, nami niko kwenye mashine, mama ananiletea senene wa kukaanga na kunitia mdomoni kwa sababu mikono yangu ina tope. Wiki moja kabla ya Krismasi kuta nne zilikuwa zimefika juu, mlango umewekwa, na mabati hayakuwepo. Hayakuwepo kabisa. Nikafunika kwa turubai, nikafunga kwa kamba za migomba. Nilipomaliza nikatazama kazi yangu nikaona nimeshindwa. Chumba kimoja kimevaa nailoni. Kaka angekitazama mara moja tu, kisha angefungua mlango wa gari.

Alifika siku mbili kabla ya Krismasi, pamoja na mkewe. Nilikuwa nimesimama uani na maneno yangu nimeyapanga, yote ya kuomba. Mama hakuwepo jikoni. Tukamwita. Akaitika kutoka chumbani, kule kwenye turubai.

Tukaenda. Alikuwa ametandika nyasi. Sakafu nzima, ukuta hadi ukuta, nyasi mbichi za rweya zenye harufu, kama zinavyotandikwa nyumba za kwetu sikukuu inapokaribia. Sijui alizikata lini na magoti yale. Alikuwa ameketi juu yake, miguu ameikunja, amevaa gauni lake la kanisani, na mbele yake kuna kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna.

"Karibuni kwangu," akasema.

Kaka alisimama kizingitini. Nilimwona akitazama turubai, akitazama kuta, kisha akitazama miguu yake. Nyasi zilizotandikwa hazikanyagwi na viatu. Akainama, akavua. Akaingia, akaketi kwa sababu hakuna mtu anayesimama mbele ya mama aliyeketi, na mama akamnyooshea kikapu kwa mikono miwili.

Kila Mhaya anajua. Anayetoa akamwani ni mwenye nyumba, na anayepokea ni mgeni wake. Ukiichukua ukaitafuna, umekubali kwamba uko kwa mtu. Mgeni hawezi kumhamisha mwenyeji wake. Kikapu kilikaa hewani kwa muda. Kaka akachukua punje mbili. Akatafuna.

"Ni nzuri, mae," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Nilitoka nje nikaegemea ukuta wangu nikalia kilio tofauti na vile vingine vyote. Hakwenda mama. Alibaki. Ningependa kuishia hapo.

Siku ya tatu kaka alipiga picha kuta, akawaita wazee wawili wa ukoo, akawaambia ataleta mabati, na vyumba vingine viwili vitaongezwa mwakani. Akanigeukia mbele yao. "Dada, nakushukuru kwa kunisaidia kujenga."

Kumsaidia. Nikatazama viganja vyangu. Nilijua tangu mwanzo kwamba kila tofali ninalopanga kwenye kibanja kile ni lake, hilo halikunishangaza. Lakini kujua kwamba mvua itakunyeshea na kunyeshewa ni mambo mawili. Nikasema, sawa, mimi nachukua mashine narudi nayo mjini.

"Mashine ni ya baba," akasema, kwa upole kabisa. "Ibaki hapa. Watu wangu wataitumia."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ningesema maneno ambayo yangenifukuza kwetu milele, na mama alijua, maana aliwahi kusema kabla yangu.

"Ni kweli, ni ya baba yao," akawaambia wazee. "Ibaki kama baba yao alivyoiacha." Kisha akanigeukia. "Mwana wange, kachukue vyako."

Nilichukua spana. Nikafungua bolti mbili za springi ya shokapu. Nikachomoa bomba. Nikazitoa beringi, nikatoa vipande vya springi bapa chini ya bamba kimoja kimoja, mbele ya wote, sikufanya haraka. Nikarudisha zile pini za zamani zilizolika. Nikavitia vyangu kwenye gunia la katani, na kwenye banda la kahawa ikabaki mashine ya baba, ile ya kutagia kuku.

Mabati yalikuja Januari, mvua haimpati mama tena. Watu wa kaka walikuja Februari kwa vyumba viwili vilivyobaki. Walivuta wawili wawili, wakatoa ugali wa mgonjwa, wakaacha. Kaka akanipigia simu dukani, akauliza, kwa ule upole wake, niliifanyaje ile mashine. Nikasikia nimepata nafasi ya kulipiza. Nikafungua mdomo, kisha nikamkumbuka mama ameketi kwenye tofali lililobonyea, anazungusha mche wa boga.

"Haielezeki kwa simu," nikamwambia. "Nitakuja na gunia langu."

Kwa hiyo sasa kila Jumamosi napanda gari la Nshamba na gunia magotini. Naifunga springi, nafyatua matofali machache ya udongo wa rweya, tunakula, mama ananisema kwamba nimenenepa au nimekonda. Jumapili baada ya misa naifungua tena naondoka nayo. Ningeweza kuiacha pale. Kaka hana neno siku hizi, wala mimi sina. Vyumba tungevimaliza kufikia Mei.

Mama anakonda. Jumamosi iliyopita alifinya donge la udongo kiganjani na vidole havikufunga. Akalitazama donge, akalitazama, akanipa nifinye mimi. Ukuta wa chumba cha pili umefika madirishani. Mwaka jana nililia ili nyumba ile isimame. Siku hizi nafyatua machache kuliko ninavyoweza, mama anaona, wala hasemi kitu.